Mnyororo wa Maombi wa Mama Viviane

Jenereta ya kanisa iliibwa, na vijana wa mtaa walikuwa wameshampiga Damas, mlinzi, kabla mpelelezi Gaston hajafika. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa tatu: wa Damas, wa Simone anayefagia, na wa Mama Viviane, kiongozi wa wamama wa maombi.

"Minye siko mwizi, chef," Damas alisema, akitema damu.

Simone alieleza kwamba alifungua mlango saa kumi na mbili, king'ora cha kiwanda kikilia, akakuta nafasi tupu. Akamkimbilia Mama Viviane. Viviane akakubali: ndipo alipoanzisha mnyororo wa maombi.

Gaston akakumbuka. King'ora hicho hicho kilikuwa kikilia alipofunga viatu nyumbani, na simu ya mke wake Mélanie ikaita: jenereta ya kanisa imeibwa, tuombe. Na Mélanie yuko safu ya mwisho ya mnyororo.

"Mama, mnyororo wenu unakwendaje?"

"Muntu anaomba dakika kumi, kisha anaita wawili. Nao vile vile, mpaka sisi wote sitini na watatu."

Gaston akachora sakafuni kwa chaki: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Jumla sitini na watatu. Alibaki amechuchumaa, akitazama. Mama mmoja akiita peke yake, akiongeza mmoja kila dakika kumi, angemaliza baada ya zaidi ya saa kumi. Hawa walikuwa wakiongezeka maradufu. Neno la kinywa kimoja lilikuwa limejaza mtaa mzima kabla jua halijatoka.

"Hatua tano, dakika hamsini," alisema polepole. "Mke wangu aliitwa saa kumi na mbili. Weye ulianza saa kumi na moja na dakika kumi. Nani alikuambia?"

"Kumbe nilikimbia bure," Simone akasema.

Viviane aliketi.

"Clovis, mutoto yangu. Shimo yao ya kuchimba madini ilijaa maji, pampu haina moto ya umeme. Nilimupa ufunguo. Kisha nikaogopa. Nilijua wamama wote wakiomba, atageuka njiani."

Hakugeuka. Gaston na vijana wa mtaa walimkuta shimoni, pampu ikinguruma.

Jenereta ilirudi. Damas alipoteza meno mawili. Viviane alipoteza mwana, aliyefungwa gerezani. Jumapili iliyofuata hakuita wale wawili wake, na simu sitini na mbili zikanyamaza.