Aliyekuja na Vumbi Wakati wa Mvua

Profesa aliingia chuoni Kasongo akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Barabara ilikuwa tope tupu, pikipiki zinazama mpaka injini. Mtu aliyepita huko angefika ameloa, lakini huyu alikuwa mkavu kama unga. Hakuna aliyesikia pikipiki yake, na hakuna aliyemuuliza.

Wangeuliza nini? Walikuwa wamengoja miaka miwili. Ndivyo tunavyosomeshwa sisi watu wa Maniema, huku Kongo: profesa anaishi mji mkubwa, jina lake limo kwenye ratiba yetu, na siku akijisikia anakuja, anaimwaga kozi ya miezi kwa siku chache, anatoa mtihani na kupotea. Asipojisikia haji, na wewe unaoza pale pale. Huyu wa hesabu za juu, zile za fonksio zenye vigeu vingi, walimjua kwa jina tu: Profesa Jean-Paul. Sura yake hawakuwahi kuiona. Kwa hiyo mtu alipoingia asubuhi na kushika chaki bila salamu, wanafunzi walifungua madaftari. Mfa maji hukamata maji.

Amisa alikaa mbele kabisa. Kozi hiyo moja ndiyo iliyobaki kati yake na diploma. Kwao Kabambare baba yake, mkulima wa mpunga, alikuwa ameiomba shule ya sekondari imshikie nafasi ya mwalimu wa hesabu, na mkuu wa shule alishasema wazi kwamba mwaka huu ukipita hivi hivi, atampa mtu mwingine. Amisa alikuwa na hasira ya mtu aliyefanya kila alichoambiwa. Alikuwa analala nayo, anaamka nayo.

Na yule mgeni alijua kufundisha, haki yake tumpe. Aliandika akiwapa mgongo, hakugeuka hata mara moja, na mambo yaliyokuwa giza yakafunguka. Aliwaambia wafikirie mlima: urefu wake unabadilika ukienda mashariki, unabadilika ukienda kaskazini. Ukitaka kujua kigeu kimoja kinafanya nini, visimamishe vingine vyote, kiache hicho peke yake kisogee. Hiyo ndiyo derive pasieli, alisema, na hakuna siri nyingine.

Aliyeacha kuandika wa kwanza ni Muhindo, ambaye alichimba dhahabu Salamabila kabla ya kuja kusoma. Pua yake ndiyo iliyomshtua. Alimwinamia Amisa.

"Unasikia hii harufu?" alinong'ona. "Mimi naijua. Ni ya shimo yenye ilifunika watu, kisha wakaifungua nyuma ya siku mingi."

"Andika," Amisa akamjibu. "Kwanza tumalize hii chapitre ya somo."

Mchana ule ule, jua likichoma mabati, mgeni alisema sasa watauona mfano. Kelele za soko zikakatika, kisha mabati yakaacha kulia, kisha nzi aliyekuwa akizunguka juu ya dawati akabaki hewani bila kupiga bawa, na mkono wa Muhindo ukabaki nusu ya njia kwenda puani, na Amisa, ambaye peke yake aliweza kugeuza shingo, akawatazama wenzake mmoja mmoja, macho wazi, vinywa wazi, hakuna kifua kinachopanda wala kushuka, huku chaki ikikwaruza ubaoni, ikikwaruza ukutani nyuma yake, ikikwaruza ndani ya mbao za dawati alilolishika, mpaka yule mgeni alipoanza kugeuka polepole, na pale ambapo uso ungekuwa palikuwa na vumbi tu, linamiminika bila kufika chini.

"Umeelewa?" sauti ikauliza.

Amisa hakuweza kudanganya. Kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza swali hilo. Akasema ameelewa.

Kila kitu kikasogea tena, na ubaoni hapakuwa na mtu. Amisa alipowaeleza alichokiona, wanafunzi walikimbilia kwa Shehe Bulaimu, mzee wa msikiti anayetibu wenye majini. Aliwaambia wasiingie darasani mpaka yeye afike asubuhi na udi wake.

Asubuhi profesa mwenyewe aliwatangulia wote. Profesa Jean-Paul wa kweli, tope mpaka kiunoni, hasira za safari usoni. Aliwaita ndani akitumia kiboko cha wanafunzi wote: asiyeingia anapata sifuri. Alisema anarudi jioni ile ile, kwa hiyo mtihani ni sasa hivi, na atakayeanguka amngoje mwaka ujao, barabara ikiruhusu. Muhindo akamkumbusha kwa adabu kwamba hajafundisha hata somo moja.

"Kozi iko ndani ya silabasi," profesa akasema. "Mimi siko mwalimu wa watoto wa primaire."

Akanyanyua mkono wenye chaki afute ubao, na mkono ukabaki juu. Tone la tope lililokuwa likianguka kutoka kwenye shati lake likabaki hewani. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakizunguka.

Shehe Bulaimu alifika, akafukiza udi, akasoma mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akasema jini limekubali kutoka, ila linamsikiliza mtu mmoja tu, yule aliyelijibu kwamba ameelewa. Wote wakamtazama Amisa.

"Shehe, profesa iko anasikia?" Amisa akauliza.

"Iko anasikia, mwanangu. Sema tu jini amuachilie."

"Sema, dada," Muhindo akasihi. "Huyu akikufa, nani atatupa mapoint?"

Amisa alilijua hilo kuliko wote. Bila mkono ule wa kuandika alama hakuna diploma, hakuna Kabambare. Aliyatazama macho ya profesa, yalivyokuwa yakiomba, na hasira ikampanda upya kwa sababu yaliomba kama ya mtu yeyote.

"Sisi tulisimama miaka miwili," akasema. "Yeye peke yake ndiye alikuwa anatembea. Nitasema, Shehe, lakini kwanza asikie kozi yake yote."

Shehe akamwonya kwamba jini halipewi sharti, kwamba anayelikopesha hasira hulipwa nyumbani kwake. Amisa alikwisha kuichomoa chaki kwenye vidole vya profesa. Akaandika kichwa cha somo la kwanza, akawaambia wenzake wakae, na wakakaa wote, hata Muhindo. Akaanza kueleza akiwapa mgongo, vizuri, kwa utulivu, mlima na urefu wake, mstari baada ya mstari. Kila alipouliza kama wameelewa hakusikia jibu, naye akadhani ni adabu. Shehe Bulaimu, aliyekuwa tayari mlangoni, alitaka kumwambia ageuke aone vifua vyao visivyopanda wala kushuka, lakini ulimi wake haukusogea.