Jaribio Ambalo Jurema Hakulifanya

Kila Jumamosi asubuhi Jurema alikunywa kahawa ya maziwa, akala mkate wa siagi, kisha akafuatana na bibi yake hadi kwenye banda la chama kidogo cha ngoma ya samba cha mtaani kwao, Rio. Bibi alikwenda kushona. Jurema, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikwenda kwa Dona Lindalva, fundi wa taa.

Mwaka huo gari lao la maonyesho ya ngoma lilipambwa kama mto wa maji. Kitambaa cha buluu kilimwagika kutoka juu hadi chini, na nyuma yake zilijificha taa mia tatu zilizoongozwa na kompyuta. Programu ya taa ilibeba ndani yake lugha ndogo ya kompyuta iitwayo Lua, iliyotungwa hapo hapo Rio. Sasa toleo jipya la lugha hiyo lilihitajika, kwa kuwa la zamani halikuweza kuziendesha taa hizo, na lilipaswa kujengwa, yaani kugeuzwa kuwa programu, kutoka kwenye maandishi yake ya asili.

"Leo utafanya wewe," Dona Lindalva alisema. "Jenga, jaribu, ndipo usakinishe. Ukimaliza hatua, andika jina lako kwenye kadibodi hii."

Jurema aliandika amri ya kwanza. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo cha kompyuta, mmoja baada ya mwingine, kama mvua dirishani. Akaona samaki wa mwanga wakipita katikati ya mvua ile, wakiteremka taratibu kuelekea baharini, naye akateremka pamoja nao. Mistari ilipokoma, hakujua imekoma vipi.

"Umelala macho wazi," alisema binamu yake Tainá, akiwa mlangoni. "Maharage yanapoa. Nikila nyama yako usinilaumu."

"Iguse uone."

Jurema akaandika amri ya kusakinisha, akaweka jina lake kwenye hatua zote tatu, akakimbia.

Alasiri taa ziliwashwa kwa majaribio ya mwisho. Maonyesho yalikuwa kesho yake. Mto ukabaki giza.

Dona Lindalva alizima, akawasha tena. Hakuna kitu. Akaisoma ile kadibodi. "Lugha imejaribiwa. Basi tatizo ni nyaya." Akachukua mkasi. "Bibi, nisamehe. Itabidi nipasue kitambaa ili nizifikie."

Bibi alikuwa ameushona mto ule miezi mitatu, shanga kwa shanga. Alishika tu ukingo wa kitambaa, kama mtu anayemshika mtoto mkono.

Jurema akasogea mbele. "Dona Lindalva, usikate kwanza."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sikujaribu. Niliandika jina tu."

"Yesu wangu," Tainá alinong'ona. "Utafagia banda hili mpaka Pasaka."

Dona Lindalva alishusha mkasi. "Njoo ujaribu sasa."

Jurema alijaribu. Lugha ikajibu kwa kutaja jina lake, Lua, na namba ya toleo: namba ya mwaka jana. Walipoirudia mistari ya asubuhi, wakakuta mmoja uliosema kuna faili halipo. Ujenzi ulikuwa umekatika hapo. Jurema alikuwa amesakinisha vipande vya zamani vilivyobaki kwenye folda.

Dona Lindalva akaliweka faili lililokosekana. Jurema akafuta vipande vya zamani, akajenga upya, akisoma kila mstari hadi wa mwisho. Akajaribu. Namba mpya. Ndipo akasakinisha.

Mwanga ulianzia juu kabisa ya gari, ukasita, kisha ukateremka polepole nyuma ya buluu. Mawimbi yakapita juu ya kuta za banda, juu ya vyerehani, juu ya mikono ya Bibi.

Dona Lindalva alikaa karibu na Jurema, akasema kwa sauti ya chini, "Ujenzi kukatika ni jambo la kawaida. Hata mimi hunikatikia. Lakini jina lako likishaandikwa, mwenzako haangalii tena. Anashika mkasi kwa sababu anakuamini."