Ukungu Uachwe Upite

Rafiki yangu, fundi saa, alipanda hadi kijiji cha msitu wa mawinguni kumbembeleza mkewe arudi nyumbani. Mke alikuwa amechoshwa na uongo wake.

"Baba watoto, ukungu ukiingia usifunge mlango. Huku tunapishana na msitu," mke alimwambia, akaenda jikoni, uani.

"Kwani ukungu nao ni shemeji yangu?" alitania. Ukungu ulipoingia na baridi kuzidi, akatia komeo. Chumba kikawa giza mchana. Mlango ukagongwa polepole, chini, karibu na sakafu.

"Umefunga?" mke aliuliza kutoka jikoni.

"Nifunge, nina wazimu?"

Aliponisimulia jibu hilo hakuthubutu kunitazama. Alikuwa ameinama afungue kimyakimya, asiumbuke, mlango ulipogongwa tena. Uligongwa kwa ndani, kando ya mguu wake.