Jiko Letu, Nembo ya Wenyewe

Mimi ni fundi bati. Asubuhi nikianza kugonga nyundo, binti yangu anawasha kuni nyuma ya karakana. Anakohoa kabla maji hayajachemka. Mama yake alikohoa hivyo hivyo mpaka tukamzika.

Siku moja mteja alileta jiko la kigeni nimzibie tundu. Lina kuta mbili, hewa inapita katikati, moshi unaungulia ndani. Nikalipima, nikatengeneza ya kwangu. Moja nikampa binti, kikohozi kikapungua; mengine nikayauza. Na kwa kuwa nilijiona fundi hodari, nikagonga ubavuni hata nembo ya kampuni ya lile jiko la kigeni.

Ikaja barua ya wakili wa kampuni hiyo. Nikayaponda majiko yote.

"Baba, hata langu?"

"Nikifungwa, atakulisha nani?"

"Kwa moshi huu, hutakuwa na wa kumlisha."

Jirani yetu, rafiki wa marehemu mke wangu, alistaafu ukarani kwenye ofisi ya usajili wa uvumbuzi. Akaisoma barua.

"Shemeji, ulisoma mpaka mwisho?"

"Niliishia penye 'mahakama'."

"Wanalalamikia nembo. Jiko hawajaligusa."

Akanieleza. Mvumbuzi hupewa hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasitengeneze kitu chake. Lakini haki hiyo ina miaka yake, ikiisha imeisha. Tena inafanya kazi pale tu iliposajiliwa.

"Twende tukaulize kama hapa walisajili."

Pale ofisini, karani wa sasa akatafuta. Hapa haikusajiliwa. Lakini michoro ya jiko, iliyochapishwa kule nje liliposajiliwa, anayo, kila kipimo, na kusoma ni bure.

"Tengeneza tu," akasema. "Ila nembo ni mali yao. Weka jina lako."

"Michoro hii unayo tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Mke wangu ana miaka mitano kaburini. Mbona hamkututangazia?"

"Hukuuliza, mzee."

Nikanakili vipimo, nikatoka. Ningemjibu, ningefungwa kweli.

Nikatengeneza upya, jina langu ubavuni. Wakili nikamwandikia kwamba nembo nimeiacha, hakuniandikia tena. Binti hakohoi. Mtaa mzima sasa unapikia majiko yangu.

Fundi mwenzangu, kabla ya kuiga, na kabla ya kuponda, nenda ofisini ukaulize. Waliokalia hizo karatasi hawatakugongea mlango. Mimi hawakunigongea.