Turubai la Marvella na Sakafu ya Shule

Jumamosi asubuhi jiko la Marvella Stuckey lilijaa watu, kama kawaida. Kahawa ilichemka, na umbea wa mji mzima wa Harlan Fork ulikuwa mezani kabla ya sukari. Marvella na mumewe, Dwight, waliendesha lori lenye tela la wazi, lisilo na kuta wala paa. Mvua ikinyesha, kinga ya mzigo ni turubai tu.

Na safari hii mzigo haukuwa wa mchezo. Jumatatu wangechukua mbao za sakafu mpya ya ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule. Mbao zikilowa, huvimba na kupinda. Bila sakafu, timu yao ingecheza msimu mzima katika ukumbi wa wapinzani wao, Millbrook.

"Millbrook? Bora nihame jimbo zima la Indiana!" alisema Dwight.

"Basi anza kufungasha," alisema jirani yao, Bi Opal Henke. "Nasikia mzigo wenu uliopita ulifika umelowa chapachapa."

"Nani kakwambia?" aliuliza Dwight.

"Yuleyule aliyenionyesha turubai lako la buluu la bei chee."

Watu walicheka. Marvella hakucheka. "Bi Opal, wewe umeshona maturubai kiwandani hadi ukastaafu. Tusaidie."

Wote wakatoka uani na vikombe vyao. Bi Opal alilishika lile la buluu kwa vidole viwili. "Hili funikia kuni. Upepo wa barabara kuu utalichana kama gazeti." Akaligeukia turubai zito, jeusi, lililokunjwa kando juu ya mwenzake. "Hili ndilo. Zito, na pande zake ni ndefu, zinafika chini. Kwa mzigo mfupi wa vyuma, turubai fupi linatosha. Kwa mbao zilizopangwa juu, pima kimo kwanza, ndipo uchague."

"Lina tundu," alisema Marvella.

"Nimeshaliziba!" Dwight alijitapa.

Bi Opal alibandua mkanda wa gundi wa Dwight kwa ukucha mmoja. "Umeziba, mwanangu, au umepamba?"

Akawaonyesha. Walisafisha mahali palipochanika kwa maji na sabuni, wakapakausha, wakapafuta kwa spiriti. Marvella alikata kiraka cha kitambaa kilekile, kikubwa kuliko tundu.

"Zungusha kona," alisema Bi Opal. "Kona kali ndiyo huanza kubanduka."

Walipaka gundi ya turubai kwenye kiraka na kuzunguka tundu, wakasubiri ianze kunata, wakabandika. Marvella akaleta mti wa kusukumia unga wa pai, akakandamiza kuanzia katikati mpaka hewa yote ikatoka. Kesho yake walimwaga maji juu ya kiraka. Chini hapakutoka hata tone.

Jumatatu, kwenye kiwanda cha mbao, Dwight alipanda na maturubai yote mawili meusi kufunika mbao kuanzia mbele.

"Anza nyuma!" alisema Marvella. "La mbele lilalie la nyuma, kama vigae vya paa. Upepo upite juu, usiingie kwenye maungio."

"Baba yangu alianza mbele maisha yake yote."

"Na mbao za baba yako?"

Dwight alikuna kichwa. "Zililowa." Akashuka, akaanza upya.

Waliweka vipande vya zulia kuukuu kwenye kona za mbao ili zisitoboe turubai. Wakavuta kamba za mpira zenye ndoano mpaka pasiwe na sehemu inayopepea. Njiani walisimama wakazikagua, wakakaza zilizolegea. Kisha mvua ikashuka kama imetumwa na Millbrook.

Shuleni, nusu ya mji ilikuwa inangoja. Marvella alifungua maturubai. Bi Opal akapapasa mbao ya juu, ya kati, ya chini kabisa.

"Kavu kama biskuti," alisema.

Shangwe zilisikika hadi kituo cha mafuta.

Usiku wa kuamkia mechi ya kwanza, mji mzima ulikula pamoja ukumbini. Ili viatu visiikwaruze sakafu mpya, Marvella alitandika maturubai yake meusi chini ya meza zote. Dwight, kwa furaha, akamwaga mchuzi wa nyama ya nguruwe, nao ukatua juu ya kiraka.

Watu wote waliacha kula. Bi Opal alifuta mchuzi, akainua turubai, akachungulia chini.

"Endeleeni kula," alisema. "Hata huyu Dwight hawezi kuilowesha sakafu hii."