Nguo ya Buluu ya Saimi

Helka alikuwa na mgeni, na hakujua amfanyie nini. Bi Noriko, mama mpole kutoka Japani aliyefikia kwenye nyumba yake ya wageni, hakutaka ziwa wala mnara. Alitaka kupika na kufuma kama wenyeji. Ndiyo maana asubuhi ile Helka alijipenyeza kwenye msongamano wa soko la Kuopio, hapa Ufini, hadi meza ya piirakka, ile mikate midogo ya ukoko mweusi na uji wa mchele ndani, akamuuliza muuzaji kama hufundisha.

"Nafundisha wanaonunua," alisema Taneli, unga umempanda hadi viwikoni.

"Basi nifungie yote."

"Mumeo ana njaa kiasi hicho?"

"Sina mume. Nina Mjapani."

Taneli alicheka mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Akasema nyumbani, nyuma ya soko, ana pia mtambo wa kufumia mazulia ya matambara. Ulikuwa wa marehemu mkewe, Saimi.

Helka na mgeni wake wakaanza kwenda huko. Bi Noriko alijifunza kufinya kingo za piirakka. Wenyeji wake wawili walijifunza kutaniana. Jioni Taneli akawa anapiga simu kumuuliza Helka kama mgeni amekula, na swali hilo likachukua saa nzima.

Zulia la Saimi lilikuwa bado mtamboni, nusu. Kwetu nguo za nyumbani zikichakaa hukatwa vipande virefu, zikaviringishwa madonge kikapuni, zikafumwa, zikakanyagwa, na kilicho kikapuni ni cha yeyote aliyekaa kufuma. Kwa hiyo Helka hakuuliza. Alichukua donge la buluu, akalifuma na Bi Noriko hadi likaisha. Taneli aliingia na kahawa, akaliona zulia, akaweka vikombe taratibu. Akasema kahawa itapoa.

Ndivyo tulivyo, na mimi hunikera: mtu wetu akichomwa moyo, anakukaribisha kahawa.

Simu zikakoma. Bi Noriko akarudi kwao. Helka alipiga, hakupokelewa, akajiambia huyu bado ana mke. Iliuma, maana alishampenda. Majani yalipoanza kuwa ya njano, Taneli akapiga.

"Ile nguo ya buluu Saimi aliikata mwenyewe akiwa mgonjwa," alisema. "Aliniambia lazima alimalize zulia. Na jioni namsikia, Helka. Ule ubao wa kushindilia nyuzi unagonga. Niliogopa kwamba buluu yake ikiisha, ataondoka."

"Ameondoka?"

"Njoo usikie."

Walikaa jikoni, mlango wa chumba cha mtambo wazi. Ubao uligonga, ukanyamaza, ukagonga tena. Kwenye kiti cha kufumia hapakuwa na mtu. Helka alitamani kukimbia.

"Siwezi kumfukuza," Taneli alisema. "Na sitaki. Kama huliwezi hilo, niambie tu, mpenzi. Sitakulaumu."

Helka alitazama mahali buluu ilipokomea na nyuzi tupu zilipoanzia. Alimwogopa yule wa mle ndani, akampenda huyu wa hapa, vyote kwa pamoja.

"Unaniomba nini hasa?"

"Nguo yako moja. Niifume baada ya yake."

Helka alivua shati la pamba alilovaa juu ya fulana, akaomba mkasi, akaanza kulikata mwenyewe, kuanzia mkono. Ubao ukagonga tena. Hakuna aliyegeuka.