Pole ya Gwamaka

Nguzo ya mtaani ilichukua sekunde kumi na moja tu kumaliza kesi.

Mzee mmoja alikuwa ameteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate. Mfuko wake ulipasuka, viazi vikatawanyika barabarani. Nguzo iliyokuwa karibu, ndefu kama ya umeme na yenye jicho la kioo juu, ikawaka taa ya njano. Ikaangalia, ikasikiliza, ikapima. Kisha taa ikageuka kijani, maana yake mwenye kosa amepatikana.

Mzee alipoanguka, walikuwepo watu saba. Sita walisogea pembeni, midomo wameifunga. Mmoja tu ndiye aliyekimbia na kupiga magoti.

"Pole, mzee wangu! Pole sana! Umeumia wapi?"

Huyo alikuwa Gwamaka Mwaisumo, fundi bomba kutoka Tukuyu, na hii ilikuwa wiki yake ya tatu katika mji wa Velmora. Nyuma ya sikio alikuwa amebandikwa kalimani, kidude kama punje ya haragwe. Akisema Kiswahili, kalimani inatoa lugha ya mji kupitia kipaza sauti kilichopo kwenye kola. Wenyeji wakisema, inamrudishia Kiswahili sikioni.

Mzee alimkodolea macho kama mtu aliyepigwa kibao. Kabla hajajibu, gari lisilo na dereva lilifika likambeba. Halafu sauti ya nguzo ikaingia sikioni mwa Gwamaka, laini kabisa:

"Gwamaka Mwaisumo, kukiri kwako kumepokelewa. Asante kwa ukweli wako."

"Haya, asante na wewe," Gwamaka akajibu, akaanza kuokota viazi. Aliona mji huu una adabu.

Alikuwa anaishi kwa binamu yake, Tusajigwe, aliyekaa Velmora miaka kumi na miwili. Alimkuta dada huyo amesimama sebuleni, anasoma maandishi mekundu yaliyojitokeza ukutani.

"Wewe Gwamaka, umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena? Nimetoka kununua mkate."

"Lawama tatu! Wiki tatu, lawama tatu! Unajua mgeni akifikisha lawama tatu kibali kinafutwa? Na Sekela ndiyo hatakanyaga hapa!"

Gwamaka alikaa chini. Sekela alikuwa mke wake. Maombi yake ya kuja yalikuwa yamefungwa kwenye kibali cha Gwamaka; kikifutwa hicho, yamekwisha.

Tusajigwe akamsomea. Lawama ya kwanza: amekiri kumtesa mfagiaji kwa kazi. Ya pili: amekiri kumuumiza jicho jirani wa ghorofa ya nne. Ya tatu: amekiri kumwangusha mzee Halvan, aliyevunjika nyonga.

"Uongo huo! Mfagiaji nilimwambia pole na kazi. Yule mama nilimwona na bandeji, nikampa pole. Mzee naye nikampa pole. Basi!"

Tusajigwe akashika kichwa. "Pole. Mungu wangu. Kalimani haina pole, Gwamaka. Inatafuta neno la karibu, na neno la karibu kwao ni 'nimekosa'."

"Na hukuniambia?"

"Nilisahau. Hilo neno lenyewe nimelisahau. Sijalisema miaka mingi."

Kesho yake asubuhi walikwenda kwenye Nyumba ya Mizani, mahali ambapo mtu hupinga lawama kabla kibali hakijafutwa. Hapakuwa na hakimu wa damu na nyama. Palikuwa na kiti na nguzo fupi nyeupe. Gwamaka akaeleza kila kitu, mpaka jasho likamtoka.

"Nimeelewa," nguzo ikasema. "Unasema neno la kumhurumia mtu kwa jambo ambalo hukulifanya."

"Ee! Hilo hilo! Kwenu halipo?"

"Lilikuwepo. Limesikika mara ya mwisho katika mji huu miaka thelathini na moja iliyopita. Aliyelisema alipewa lawama. Mizani haikuweza kulitofautisha na kukiri, na watu wakaliacha."

"Basi turekebishe mizani!"

"Mizani haina hitilafu. Tangu watu waliache, kesi zimepungua kwa nusu."

Gwamaka alimtazama Tusajigwe. Dada alikuwa anatazama sakafu.

"Nifanyeje sasa?" akauliza.

"Nenda kwa kila mmoja wa watu hao watatu. Mbele yake, useme: hainihusu. Lawama itafutwa."

Mfagiaji aliambiwa, akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi. Mama wa jirani aliambiwa, akashukuru na kufunga mlango. Gwamaka alishangaa jinsi walivyolipokea, kama salamu tu.

Mzee Halvan alikuwa hospitali, peke yake katika chumba cheupe, mguu umening'inizwa. Jicho la nguzo lilikuwa juu ya kitanda. Alipomwona Gwamaka, alijaribu kuinuka.

"Ni wewe," kalimani ikasema kwa niaba yake. "Siku ile ulisema kitu. Sisemi hicho kilichotoka kwenye kola. Nasema kilichotoka mdomoni mwako. Mama yangu alikuwa na neno lenye sauti kama hiyo, ya kushuka. Hebu liseme tena."

Gwamaka akamwona Sekela akilini. Akaona kibali.

"Hainihusu," akasema.

Mzee akajilaza taratibu. "Ndiyo," akajibu. "Bila shaka." Akageukia ukuta.

Kibali hakikufutwa. Baada ya miezi minne Sekela naye akaja. Katika simu zote walizopigiana, Gwamaka hakumweleza jambo hili. Alianza mara nyingi, akashindwa. Unamwambiaje mtu wa Tukuyu kwamba kumpa mwenzako pole ni kosa? Akapanga kumwambia nyumbani, wakishakunywa chai.

Sekela alishuka kwenye treni na sanduku lake, kalimani mpya ikimwasha nyuma ya sikio. Alikuwa anacheka. Nyuma yake, mwanamke mmoja mwenye mimba alikosea ngazi, akaanguka kwa magoti, kishindo kikasikika.

Watu wakasogea pembeni. Gwamaka naye alisogea, hatua nzima, midomo ameifunga. Alijigundua akiwa tayari ameshafika pembeni.

Alipotaka kupiga kelele, alikuwa amechelewa. Sekela alishatupa sanduku, ameshapiga magoti.

"Pole, mama! Pole jamani, pole sana!"

Nguzo ya kituoni ikawaka njano, ikageuka kijani. Sekela akainua kichwa, akasikiliza kitu sikioni, akatabasamu.

"Sikia," akamwambia mumewe. "Eti asante kwa ukweli wako. Kumbe watu wa huku wana adabu!"

Kisha akamwangalia vizuri, pale alipokuwa amesimama.

"Na wewe mbona umekaa mbali hivyo?"